Hasira za Ghafla kwa Watu Wazima Wenye ADHD: Namna ya Kuzituliza Kabla Hazijawa Kesi



Mashauri mengi ya ugomvi yanayoletwa katika vituo vya polisi vya mpakani hayaanzi kwa nia ya uhalifu. Huanza kwa neno lililotamkwa kwa haraka, kwa zamu iliyorukwa katika foleni, au kwa chenji ambayo mmoja aliihesabu kwa shilingi ya Kenya na mwenzake kwa shilingi ya Uganda. Baada ya dakika chache mtu amepigwa, simu imevunjwa au meza ya bidhaa imepinduliwa. Na aliyetenda hayo, akishatulia, hushangazwa na mikono yake mwenyewe. Majirani humwita mkorofi au kichwa moto, na wapo wanaosema amerogwa.

Baadhi ya watu hao ni wakorofi kweli. Lakini wamo pia watu wazima ambao tangu utotoni wameishi na hali ya ubongo ijulikanayo kwa herufi ADHD, na hakuna aliyepata kuwaeleza, wao wala jamaa zao. Katika makala haya tunaeleza hali hiyo ni nini, kwa nini huchochea hasira za ghafla, mwenye hali hiyo afanye nini ili asiharibu nyumba yake na riziki yake, na wanaomzunguka, sisi askari tukiwamo, tumtendee vipi.

ADHD ni nini

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo yenye alama kuu tatu: umakini usiotulia mahali pamoja, mwili au fikra zisizopumzika, na tabia ya kutenda kabla ya kufikiri. Haiambukizi, haitokani na uchawi, wala si matunda ya malezi mabaya. Kwa sehemu kubwa hurithiwa. Ndiyo maana si ajabu mzazi kuitambua kwake mwenyewe siku mtoto wake anapochunguzwa hospitalini.

Hali hii si jambo lililozuka jana. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara jijini London kuhusu watoto wenye akili timamu ambao hata hivyo walishindwa kujizuia, na miongoni mwa alama alizozitaja ni kuwaka hasira upesi. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mtoto akikua huiacha hali hiyo nyuma. Leo inajulikana kwamba wengi huingia nayo utu uzimani, ingawa sura yake hubadilika: aliyekuwa akirukaruka darasani huwa mtu mzima anayeonekana ametulia kwa nje, huku ndani fikra zinakimbia. Makadirio ya tafiti za kimataifa huweka idadi ya watu wazima wenye ADHD karibu wawili au watatu katika kila mia. Soko lenye wachuuzi elfu moja laweza basi kuwa na ishirini au thelathini kati yao.

Hata hivyo, si kila mwenye hasira ana ADHD. Mwongozo wa uchunguzi unaotumiwa na madaktari wengi, uliotolewa na chama cha madaktari wa akili cha Marekani mwaka 2013, unataka dalili ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12, zionekane mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano nyumbani na kazini, na ziwe zinaharibu maisha ya mtu. Mtu aliyekuwa mtulivu maisha yake yote akaanza kuwaka hasira mwaka jana hana budi kuchunguzwa kwa sababu nyingine: pombe, jeraha la kichwa, huzuni kubwa, au kiwewe cha vita na ukimbizi, mambo ambayo jamii nyingi za mpakani zinayafahamu vizuri.

Kwa nini hisia hupanda upesi

Katika orodha rasmi ya dalili, hasira haimo. Lakini Paul Wender, daktari wa akili aliyefanya kazi Utah nchini Marekani, alipotunga vigezo vya kuitambua ADHD kwa watu wazima, alitia ndani yake hasira za haraka, hali ya moyo inayobadilikabadilika, na kuelemewa na misukosuko midogo. Mwanasaikolojia Russell Barkley naye ameshikilia kwa miaka mingi kwamba kushindwa kuzitawala hisia ni sehemu ya hali yenyewe, si kitu kilichoongezwa pembeni.

Mfano wa pikipiki utasaidia. Mtu mwenye ADHD ana injini kama ya watu wengine. Kinachochelewa ni breki. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotupa nafasi ya kusema, ‘Ngoja kwanza.’ Kwa mtu huyu nafasi hiyo ni fupi mno. Anapotukanwa, uchungu anaousikia haupiti wa mwenzake, ila unamfika wote kwa mara moja, na ulimi au mkono umekwisha kutenda kabla breki haijashika.

Kuna mambo mengine matatu yanayozidisha mgogoro. La kwanza ni kusahau. Mwenye ADHD husahau ahadi, deni, au ujumbe aliopewa asubuhi. Mwenzake huona amedanganywa kwa makusudi. Naye kwa kuwa hakukusudia huona amesingiziwa, na wote wawili hupandwa. La pili ni makovu ya kukemewa. Aliyeitwa mvivu na mjinga tangu shule ya msingi hulisikia hata onyo dogo kama dharau. La tatu ndilo linaloumiza nyumba nyingi: hasira yake huisha upesi kama ilivyokuja. Baada ya nusu saa yeye anacheka na kuomba chai, ilhali aliyetukanwa bado analia chumbani. Yeye hudhani yameisha kwa kuwa kwake yameisha. Mwenzake huona hana utu.

Mpaka wenyewe na vichocheo vyake

Maisha ya mpakani yamejaa mambo yanayomjaribu mtu wa namna hii kuliko mtu yeyote. Lililo kubwa ni kungoja. Dereva wa lori aliyekaa katika mstari usiku kucha, mchuuzi mwenye nyanya zinazooza juani, na mwendesha bodaboda anayesubiri abiria, wote wanachoka. Lakini kwa mwenye ADHD kungoja bila kujua mwisho wake ni kama kubanwa pumzi.

Vituo vya pamoja vya mpakani, kama kile cha Busia kilichozinduliwa rasmi mwezi wa Februari 2018, vimepunguza mzunguko, kwani msafiri hushughulikiwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Hata hivyo, kuulizwa maswali yaleyale mara mbili, na watu wawili waliovaa sare tofauti, huweza kuonekana kama usumbufu. Ni vema kujua mapema kwamba ofisa wa pili hauliza kwa kumdharau mtu, bali kwa kuwa kila nchi ina sheria yake na daftari lake.

Kisha kuna fedha. Sarafu za Kenya na Uganda zote huitwa shilingi, lakini shilingi moja ya Kenya hununua zaidi ya shilingi 20 za Uganda. Mtu asiye makini kwa dakika moja tu hupata hasara, kisha humlaumu aliyempa chenji. Ongeza kelele, jua, njaa na usingizi mchache, na utaona kwa nini ugomvi mdogo hukua upesi mahali kama hapa.

Kabla ya hasira kupanda

Kazi kubwa hufanywa wakati mtu ametulia, kwa sababu akishapandwa hana nafasi ya kutafuta hekima.

Kwanza, kila mtu azijue dalili za mwili wake. Kwa mmoja masikio hupata moto. Kwa mwingine taya hukaza, sauti hupanda, au maneno hutoka kwa kasi. Dalili hizo hutangulia tendo kwa sekunde chache, na sekunde hizo ndizo za kuziwinda. Mke, ndugu au mwenzako wa kazini aweza kukusaidia kuzitaja, maana mara nyingi wao huziona kabla yako.

Pili, yapangwe maneno ya ‘kama’ na ‘basi’. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer ameonyesha katika tafiti zake kwamba nia ya jumla, kama ‘sitakasirika tena’, haina nguvu ya mpango uliofungwa na hali maalumu. Dereva aseme: ‘Kama nitaambiwa nirudi nyuma ya mstari, basi nitashusha pumzi na kuuliza ni karatasi gani inayokosekana.’ Mchuuzi aseme: ‘Kama chenji haikutimia, basi nitaihesabu tena mezani, mbele ya mteja, kabla ya kusema neno.’ Mipango miwili au mitatu yatosha. Iandikwe katika simu au kwenye kikaratasi cha mfukoni, isomwe kila asubuhi.

Tatu, kumbukumbu isiachiwe kichwa. Deni liandikwe katika daftari, pande zote mbili zitie sahihi, na itajwe ni shilingi ya nchi gani. Ujumbe wa malipo ya simu usifutwe. Daftari la bei ndogo limewahi kuzuia vita ambavyo wazee watano wasingeweza kuvisuluhisha.

Nne, mwili utunzwe. Usingizi, chakula cha wakati wake na kazi ya kutoa jasho huipa breki nguvu. Pombe huiondoa. Mairungi, ambayo upande wa pili wa mpaka huitwa miraa, humfanya mtu ajione yuko macho na makini kwa saa chache, lakini huiba usingizi wa usiku na kumrudisha kesho yake akiwa mwepesi zaidi wa kukasirika. Si dawa ya ADHD.

Moto unapowaka

Jambo la kwanza ni kuondoka. Si kukimbia wala kususa, bali kuondoka kwa neno lililokubaliwa zamani: ‘Nimepandwa. Narudi baada ya nusu saa.’ John Gottman, mtafiti wa ndoa wa Marekani, hushauri mapumziko yasiyopungua dakika 20 wanandoa wanapofurika kwa hasira, kwa sababu moyo unaodunda kwa kasi unahitaji muda kurudi chini, na mtu hawezi kusikia hoja kabla ya hapo. Sehemu ya ‘narudi’ ina uzito sawa na sehemu ya kuondoka. Asiyerudi kwa wakati aliousema humfundisha mwenzake kwamba mapumziko ni hila ya kukwepa mazungumzo, na mara nyingine atamzuia mlangoni.

Wakati wa mapumziko hayo, mtu avute pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, atembee, anawe uso kwa maji baridi. Asiupange upya ugomvi kichwani, maana kufanya hivyo ni kuchochea kuni. Asishike simu pia. Ujumbe wa sauti uliotumwa kwa hasira katika kundi la soko au la ukoo husikilizwa na watu mia, na waweza kusikilizwa tena mbele ya hakimu. Jibu linaloweza kungoja hadi asubuhi lingoje hadi asubuhi.

Aliye katika foleni hawezi kuondoka kwa urahisi. Huyu amwombe jirani amshikie nafasi kwa dakika chache, au amweleze askari kwa sauti ya chini kwamba anahitaji kusogea pembeni. Ombi la namna hiyo si dalili ya udhaifu, na askari wetu wanapaswa kulipokea kwa heshima.

Baada ya hasira kupoa

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini sakafu hupanguswa. Msamaha wenye manufaa hulitaja tendo lenyewe: ‘Nilikutukana mbele ya watoto, na nikavunja sahani zako. Nimekosa. Sahani nitazinunua Jumamosi.’ Maelezo kuhusu ADHD yaweza kuja baadaye, siku nyingine, lakini yasitangulie msamaha wala kukaa mahali pake. Na kwa kuwa mwenye hali hii huweza kuisahau hata ahadi ya fidia, aiandike palepale.

Pale ugomvi ulipotokea hadharani, ni busara kumwendea mwenyekiti wa LC 1, au mzee wa Nyumba Kumi kwa walio upande wa Kenya, pamoja na shahidi mmoja wa kila upande. Familia nyingi za mpakani, za Wasamia na Wateso kwa mfano, zina ndugu katika nchi zote mbili. Mzee anayeheshimiwa pande zote mara nyingi hutuliza jambo ambalo ofisi moja pekee haiwezi.

Kwa wanaoishi na kufanya kazi pamoja naye

Msimkabili mbele ya umati. Aibu ni petroli. Msimshike mkono wala kumzibia njia kama hakuna hatari ya mtu kuumizwa. Neno ‘tulia!’ likitamkwa kwa ukali halijapata kumtuliza mtu. Sauti ya chini na sentensi fupi hufanya kazi zaidi. Mpeni agizo moja kwa wakati mmoja. Mambo mazito, kama deni la ada au shamba la urithi, yazungumzwe saa ambayo ameshiba na hana haraka, na makubaliano yaandikwe.

Kwa askari wenzetu tunasema hivyohivyo: ofisa mmoja aseme, wengine wanyamaze. Mtu anayetapatapa, asiyemtazama ofisa machoni au anayejibu kabla swali halijaisha si lazima awe anaficha jambo. Aelezwe kinachofuata na kitachukua muda gani, kwani kujua mwisho wa kungoja humpunguzia nusu ya mzigo.

Sheria inasimama wapi

Ni lazima tuseme waziwazi: ADHD hueleza kwa nini hasira ilikuja, lakini haihalalishi kipigo. Kumpiga mtu, kuharibu mali au kutishia kuua ni makosa ya jinai pande zote mbili za mpaka. Mke au mume anayepigwa hana wajibu wa kuvumilia kwa sababu mwenzake ana hali ya ubongo. Aje katika Kitengo cha Ulinzi wa Familia na Watoto kwetu Uganda, au katika dawati la jinsia kwa walio Kenya. Usalama hutangulia; matibabu hufuata.

Wakati huohuo, aliyekamatwa na ambaye amethibitishwa na daktari kuwa na ADHD ana haki ya kulisema hilo mapema, yeye au jamaa yake, na kuonyesha barua ya daktari. Uchambuzi wa tafiti za magereza ya nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2015, ulikadiria kwamba karibu robo ya wafungwa walikuwa na ADHD. Hilo halina maana kwamba wenye hali hii ni wahalifu. Walio wengi hawajawahi kuvunja sheria. Maana yake ni kwamba wasiosaidiwa huishia mahali pabaya mara nyingi mno. Na msaada huzaa matunda: utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2012, uliofuatilia zaidi ya watu 25,000 wenye ADHD, ulionyesha kwamba katika vipindi walipokuwa wakitumia dawa, makosa ya jinai yalipungua kwa asilimia 32 kwa wanaume na asilimia 41 kwa wanawake.

Matibabu, na dawa zinazovuka mpaka

ADHD hutibiwa kwa njia mbili zinazosaidiana: dawa, na mazungumzo ya kitaalamu yanayomfundisha mtu kupanga siku yake na kutawala fikra na matendo yake. Uchunguzi hufanywa na wataalamu wa afya ya akili. Uganda ina Hospitali ya Taifa ya Butabika jijini Kampala, na hospitali za rufaa za mikoa, ile ya Mbale ikiwamo, zina vitengo vya afya ya akili. Kenya ina Hospitali ya Mathari jijini Nairobi. Kwa walio mpaka wa magharibi, Goma ina kituo cha Tulizo Letu, na Rwanda ina hospitali ya Ndera. Anayekwenda aende na mtu aliyemjua utotoni, au na ripoti zake za zamani za shule, kwani daktari atauliza habari za miaka hiyo.

Kuhusu dawa, wasafiri wazingatie jambo hili. Methylphenidate, mojawapo ya dawa zinazotumiwa sana kwa ADHD, imo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Kwa hiyo inalindwa kwa sheria kali. Anayeivusha mpaka aibebe katika kifungashio chake cha asili chenye jina lake, akiwa na cheti na barua ya daktari, na kwa kiasi kinacholingana na safari yake. Aulize masharti ya nchi anayoiendea kabla ya kuondoka, na ofisa akimuuliza, aitaje waziwazi. Kuinunua mitaani, kuiuza, au kumgawia rafiki vidonge vyako ni kosa, na ni hatari kwa moyo wa asiyepimwa.

Wahenga walisema hasira ni hasara, na mpakani hasara hiyo twaweza kuihesabu: siku za mahabusu, bidhaa zilizooza, leseni iliyosimamishwa, mtoto asiyelala kwa hofu. Ikiwa umeyasoma haya ukajitambua, au ukamtambua mwanao, ndugu yako au jirani, fika katika dawati la uhusiano wa polisi na jamii la kituo kilicho karibu nawe. Huhitaji kuwa na kesi. Tutakuelekeza kwa wahudumu wa afya, na maelezo yako hayatafunguliwa jalada. Twapenda zaidi kuonana nanyi kabla ya ugomvi kuliko baada yake.